Dalali wa Taarifa Awekwe Hadharani



Wengi mnaonisikia mna programu ya simu iitwayo Muslim Pro. Inakwambia saa za swala, inakuadhinia, inakuonyesha kibla ukiwa ugenini. Imepakuliwa zaidi ya mara milioni 90 duniani, na katika mwambao wetu, toka Lamu hadi Mtwara, si jina geni. Programu ya namna hii ina haja ya kweli ya kujua ulipo, maana Magharibi ya Kigoma si Magharibi ya Dar es Salaam: jua la Dar likishazama, la Kigoma bado linaonekana juu ya ziwa. Basi simu inapokuuliza kama unaruhusu programu ijue ulipo, unaruhusu, na unaruhusu kwa ajili ya swala.

Novemba 2020, jarida la Motherboard la Marekani likafichua kwamba taarifa za mahali walipo watumiaji wa Muslim Pro zilikuwa zinapelekwa kwa kampuni ya Kimarekani iitwayo X-Mode. Kampuni hiyo ilikusanya mienendo ya simu kutoka katika programu nyingi, ikaiuza. Miongoni mwa wateja wake walikuwamo makandarasi wa ulinzi, na kupitia kwao taarifa zilifika kwa jeshi la Marekani. Mtu ameomba kuelekezwa Makka. Nyuma ya kioo cha simu, mahali aliposimama, saa aliyosimama na aina ya simu aliyoshika vinasafiri kwenda kwa mtu asiyemjua.

Tuelewane hapo. Hakukuwa na udukuzi wowote, wala nywila iliyovunjwa. X-Mode iliwapa watengenezaji wa programu kipande kidogo cha msimbo kilicho tayari, wao wakakipachika ndani ya programu zao, na malipo yakaenda kwa kadiri ya watumiaji walionao. Ilikuwa biashara ya mchana kweupe, yenye mikataba na ankara.

Moto ulipowaka, wenye Muslim Pro walitangaza kuachana na X-Mode. Mwezi uliofuata Apple na Google wakawaagiza watengenezaji wote wakiondoe kipande kile. Sheria yenyewe ilichukua muda wake: ni Januari 2024 ndipo Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilipoizuia X-Mode, pamoja na Outlogic iliyorithi shughuli zake, isiuze tena taarifa za mahali nyeti kama kliniki, nyumba za ibada na makazi ya waliokimbia ukatili wa majumbani. Tume hiyo haikuwa imewahi kutoa marufuku ya aina hiyo. Faini haikuwamo.

Sasa, kampuni kama X-Mode tuiiteje? Mimi naiita dalali wa taarifa, na sidhani kama kuna jina linaloifaa zaidi. Ila dalali huyu ana tofauti kubwa na yule dalali wa nyumba unayemjua. Dalali wa nyumba wa Sinza au wa Kisauni unamwona kwa macho, unatembea naye juani, unagombana naye kuhusu kodi ya mwezi mmoja anayoidai kama ujira wake, na chumba kikivuja unajua kijiwe chake kilipo. Dalali wa taarifa hujawahi kukutana naye. Humlipi, hakulipi, hajui hata sauti yako. Bidhaa anayoinadi ni wewe, na mnada unafanyika bila wewe kualikwa.

Jambo hili la kutokukutana ndilo ninalotaka tulishike leo, kwa sababu sheria nyingi za faragha, zikiwamo zetu za Afrika Mashariki, zimejengwa juu ya neno idhini. Mtu aulizwe, akubali, ndipo taarifa zake zichukuliwe. Ni msingi mzuri kati yako na hospitali, kati yako na benki, kati yako na shule ya mtoto wako. Lakini idhini inataka watu wawili wanaoonana. Dalali anakuja baada ya mlango kufungwa. Anaichukua idhini uliyompa mwingine kwa jambo moja na kuitumia kwa mambo mia. Ukiniuliza, nasema dawa ya dalali haiwezi kuanzia kwenye idhini. Ianzie kwenye kumjua: nani huyu, ofisi yake iko wapi, anauza nini, anamuuzia nani. Tena awe kwenye daftari lake peke yake, ambalo mwananchi yeyote anaweza kulifungua akasoma.

Marekani ndiko biashara hii ilikokomaa, na ndiko makosa ya kuichelewesha sheria yanakoonekana wazi, kwa hiyo nitakaa huko kidogo kabla ya kurudi nyumbani.

Mwaka 2014 ile Tume ya Biashara niliyoitaja ilitoa ripoti ya uchunguzi wa madalali tisa. Mmoja wao alikuwa na makundi 3,000 ya sifa kwa karibu kila mlaji wa Marekani. Hebu jaribu kutaja sifa zako mwenyewe mpaka zifike 300 tu. Mwingine alikuwa akiongeza kumbukumbu bilioni tatu mpya kila mwezi kwenye ghala lake. Wengi wa madalali hao walikuwa wanauziana wao kwa wao, kiasi kwamba hata mtu mwenye subira na wakili asingeweza kufuata nyayo hadi kwa aliyeanza.

Na makundi yenyewe! Watu waligawanywa kama samaki wa fungu. Kuna fungu la wanaotarajia mtoto. Kuna fungu la wenye kupendezwa na habari za kisukari. Kuna fungu la wazee waliovuka miaka 66, wasio na mwenza, wenye elimu ndogo na mali kidogo, wa vijijini. Sasa nani ananunua fungu la wazee wapweke wasio na elimu? Muuza dawa za shinikizo la damu huenda akalinunua. Tapeli naye analitaka, na atalipa bei nzuri zaidi. Ripoti ile ilitoa pia mfano wa waendesha pikipiki: orodha ya wapenda pikipiki inaweza kununuliwa na muuza pikipiki anayetaka kukupunguzia bei, na orodha hiyohiyo ikanunuliwa na kampuni ya bima ikakuhesabu kuwa mtu wa hatari. Ndugu zangu wa bodaboda, mmenisikia.

Watu wengine hapa hunijibu: mimi sina cha kuficha, wakijua ninanunua sukari kilo mbili watanifanya nini? Jibu langu ni jimbo la New Hampshire, mwaka 1999. Kijana mmoja alikuwa na wazimu wa mapenzi kwa msichana aliyesoma naye zamani, mapenzi ambayo msichana hakuwa na habari nayo. Akaingia mtandaoni kwa kampuni ya kuuza taarifa. Akanunua namba ya msichana ya hifadhi ya jamii. Kisha akaagiza anwani ya kazini kwake. Kampuni haikuwa nayo, basi mtu wake akampigia simu msichana kwa jina la uongo na sababu ya uongo, akamtoa maneno. Anwani ikauzwa kwa dola 109. Oktoba mwaka huo kijana alimsubiri msichana akitoka kazini, akampiga risasi, akafa, kisha akajiua. Mahakama ya Juu ya New Hampshire ilisema mwaka 2003 kwamba anayeuza taarifa za mtu ana wajibu wa kuwa mwangalifu, kwa sababu hatari ya kuviziwa na ya wizi wa utambulisho inajulikana na kutazamiwa. Hukumu nzuri. Marehemu hakuisikia.

Kisa cha pili ni cha ChoicePoint, na hiki nakipenda kwa sababu kinaonyesha hasa sheria inafanya nini. ChoicePoint ilikuwa kampuni kubwa ya jimbo la Georgia iliyozaliwa ndani ya kampuni ya taarifa za mikopo iitwayo Equifax. Mwaka 2005 ilibainika kwamba matapeli walijifanya wafanyabiashara halali, wakafungua akaunti kwake, wakauziwa taarifa za zaidi ya watu 163,000. Dalali hakuibiwa, msikilizaji. Aliuza, akapokea fedha yake, akatoa mzigo. Sasa sikiliza: mwanzoni kampuni iliwaandikia barua watu wapatao 35,000, wote wa California. Kwa nini California? Kwa sababu wakati ule ndilo jimbo lililokuwa na sheria ya kulazimisha mtu aarifiwe taarifa zake zikivuja. Wa majimbo mengine walikaa kimya gizani mpaka kelele za magazeti na za wanasheria wakuu wa majimbo zilipoilazimisha kampuni iwaambie na wao. Waliopatwa na jambo moja, na dalali mmoja, walitengwa na mpaka wa sheria tu. Mwaka uliofuata ChoicePoint ilikubali kulipa dola milioni 10 za adhabu na milioni 5 za kuwafidia walioathirika. Biashara iliendelea, na mwaka 2008 ikauzwa kwa wakubwa wengine.

Msifikiri kwamba dalali lazima awe jitu lenye ghorofa. Mwaka 2024 kampuni ndogo ya Florida iliyojiita National Public Data ilivujisha mamilioni ya kumbukumbu za watu, namba za hifadhi ya jamii zikiwamo. Miezi michache baadaye ikaomba kufilisika. Sasa mwathirika amdai nani?

Hivi Wamarekani hawana sheria? Wanayo, tena ya siku nyingi. Mwaka 1970 walipitisha sheria ya taarifa za mikopo. Anayetunza rekodi ya ulipaji wako wa madeni na kuiuza kwa mabenki anabanwa: lazima akuonyeshe alichoandika juu yako, lazima arekebishe makosa, na hawezi kumuuzia kila apitaye. Sheria ile imewasaidia watu kweli. Shida ni kwamba madalali walijifunza kusimama hatua moja nje ya uzio. Sisi hatuuzi rekodi za mikopo, wakasema, sisi tunauza taarifa za masoko. Mnamo Desemba 2024 ofisi ya shirikisho inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha ilipendekeza kanuni ya kuusogeza uzio, ili dalali anayeuza mapato ya mtu au namba yake ya hifadhi ya jamii abanwe kama watunza rekodi za mikopo. Serikali ikabadilika. Mei 2025 pendekezo likaondolewa. Miaka 55 tangu sheria ya kwanza, uzio ukabaki palepale.

Walioonyesha njia ni wadogo. Vermont ni jimbo la watu wasiofika milioni moja, maarufu kwa maziwa na sharubati ya mti uitwao mepo. Mwaka 2018 lilipitisha sheria ya kwanza Marekani inayomtaja dalali wa taarifa kwa jina lake na kumwandikisha. Na angalia walivyomtambua: ni mfanyabiashara anayekusanya na kuuza taarifa za mtu ambaye hana uhusiano naye wa moja kwa moja. Basi. Hawakuhangaika na aina za kompyuta wala teknolojia. Walikwenda kwenye kiini, kwamba mtu huyu na wewe hamjawahi kukutana. Kila mwaka dalali anajiandikisha, analipa ada ya dola 100, anasema kama anawaruhusu watu wajitoe na kwa njia gani, na anasema taarifa zimemvuja mara ngapi. Sheria ikaongeza kwamba kununua taarifa kwa ajili ya kumvizia mtu au kumbughudhi ni kosa.

Dola 100 kwa kampuni yenye mabilioni ni bei ya chakula cha mchana cha wakubwa wawili. Wapo waliocheka. Mimi sicheki, kwa sababu kabla ya daftari lile hakuna aliyejua madalali ni wangapi wala wanaitwa nani. Upungufu wa Vermont uko kwingine: ukishayajua majina, kazi ya kumwandikia kila mmoja akufute ni yako. Nani ana jioni za kuandika barua 100?

California ikalijibu swali hilo. Mwaka 2023 ilipitisha sheria iitwayo Sheria ya Kufuta. Shirika la faragha la jimbo hilo liliagizwa kujenga dirisha moja mtandaoni. Mkazi anajaza ombi mara moja tu, afutwe, na ombi lile linawahusu madalali wote walioandikishwa. Wananchi walifunguliwa dirisha hilo mwanzoni mwa 2026, na sheria inawataka madalali, kuanzia Agosti 2026, walichungulie kila baada ya siku 45 na kuwafuta walioomba. Asiyefuta anatozwa dola 200 kwa kila ombi kwa kila siku. Zidisha mwenyewe kwa watu 1,000 waliopuuzwa mwezi mzima: ni dola milioni sita. Hapo mhasibu wa kampuni anaanza kusoma sheria kwa makini kuliko wakili.

Haya, turudi nyumbani.

Huku kwetu dalali wa taarifa hajavaa suti ya Silicon Valley. Anaanza na kitabu cha wageni pale getini, unapoandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakwenda kwa nani na sahihi, kisha kitabu kinabaki juu ya meza na yeyote anayefuata anasoma ukurasa mzima. Anaendelea na fomu za bahati nasibu dukani, daftari la semina, orodha ya waliochangia harusi. Mwisho wa yote ni wauza ujumbe mfupi wa jumla wanaokuahidi kuifikishia biashara yako maelfu ya watu wa eneo fulani. Wapo wanaofanya kazi hiyo kwa haki, kwa namba za wateja wako mwenyewe. Lakini anayekwambia namba anazo yeye, muulize kazitoa shambani kwake?

Kenya ilionja jambo hili kwa njia ya ajabu mwezi Juni 2021. Msajili wa Vyama vya Siasa alipowawezesha wananchi kuangalia mtandaoni, wengi waligundua kuwa wao ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iliyokuwa changa bado, ilipokea zaidi ya malalamiko 200. Namba ya kitambulisho cha taifa na jina kamili havikutoka mbinguni vikaingia kwenye orodha ya chama. Mtu alikuwa navyo, mtu akavitoa.

Halafu kuna mikopo ya simu. Tanzania tunaiita kausha damu, na jina limeshasema. Programu inakukopesha shilingi elfu 50, lakini kabla ya kutoa senti moja inaomba kusoma majina yote kwenye simu yako. Ukichelewa kulipa, shangazi yako wa Tanga anapigiwa simu, mwajiri wako anatumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hatua ya maana. Nilitamani tu mtu aulize swali la pili: yale majina ya mashangazi na waajiri yaliyokwisha nakiliwa yako wapi leo? Programu ukiifunga, ghala lake halifungwi nayo. Ghala lina bei, na mwenye biashara iliyokufa ana hamu kubwa ya kuuza kilichobaki.

Sheria tunazo, na si mbovu. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Ndani yake kunadi taarifa zilizopatikana isivyo halali ni kosa, na hata tangazo tu la kwamba taarifa zinauzwa linahesabiwa kuwa ni kuzinadi. Aliyeandika kifungu hicho alikuwa anajua mambo. Tanzania ilifuata na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Kampuni inayotoa au kuuza taarifa kinyume cha sheria hiyo inaweza kutozwa hadi shilingi bilioni tano. Uganda na Rwanda nazo zina za kwao.

Ofisi ya Kenya imeshaonyesha kwamba haikulala. Septemba 2023 ilitangaza adhabu tatu kwa mkupuo: kampuni ya mikopo ya simu iliyotumia majina na namba ilizopata kwa watu wa tatu kudai madeni ilitozwa shilingi 2,975,000; mgahawa uliobandika picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake 1,850,000; shule iliyotangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi 4,550,000. Utaona hapo kwamba waliokamatwa wote ni watu wenye uso. Mkopaji anamjua mkopeshaji, mteja anaujua mgahawa, mzazi anaijua shule. Mlalamikaji alikuwa na jina la kuandika kwenye fomu. Asiye na uso hakuwamo, kwa sababu utamshtaki vipi mtu usiyejua kama yupo?

Ndiyo maana nasema daftari. Sheria zetu zinaandikisha wakusanyaji na wachakataji wa taarifa, wote kapu moja. Kenya imetaja hata shughuli ambazo lazima ziandikishwe hata biashara ikiwa ndogo: kamari, shule, hospitali, hoteli, mawasiliano, matangazo yanayomlenga mteja moja kwa moja na nyinginezo. Dalali hana mstari wake. Akijiandikisha, amekaa katikati ya shule na zahanati kama abiria mwingine yeyote. Mwananchi anayetaka kujua nani nchini anauza taarifa za watu asiowajua hana ukurasa wa kufungua. Ukurasa huo haudai sheria mpya kubwa; kanuni moja ya waziri inatosha kuanzia, na maneno ya Vermont yapo, tuyachukue tuyaboreshe.

La pili ni adhabu. Sheria ya Kenya inasema faini ya kiutawala isizidi shilingi milioni tano, au kwa kampuni asilimia moja ya mapato yake ya mwaka, kutegemea ipi ni ndogo. Rudia maneno hayo matatu taratibu. Ipi ni ndogo. Kampuni yenye mapato ya shilingi bilioni 100 kwa mwaka, asilimia moja yake ni bilioni nzima, lakini haitalipa bilioni. Italipa milioni tano, chini ya dola 40,000. Ulaya walipoandika kanuni yao iliyoanza 2018 waliweka euro milioni 20 au asilimia nne ya mapato ya dunia nzima, ipi ni kubwa. Neno moja limegeuzwa, na sheria nzima imegeuka nalo. Kwa dalali mkubwa, faini ya Kenya ni gharama ya leseni tu.

Nimeshasikia watakaopinga, na wana hoja. Watasema biashara ndogo zinahitaji kuwafikia wateja. Watasema taarifa zikizunguka, mkopeshaji anamjua mkopaji mwaminifu, na mwizi anayetumia kitambulisho cha marehemu anagunduliwa. Kweli tupu. Lakini tayari tunaye dalali mmoja wa taarifa tunayemdhibiti vizuri kiasi: taasisi za taarifa za mikopo. Benki kuu zetu zinazipa leseni, zinajulikana kwa majina, zinakaguliwa. Mkenya ana haki ya kuomba ripoti yake mara moja kwa mwaka bila malipo, na akikuta kosa anadai lisahihishwe. Mabenki hayajafa kwa sababu hiyo, wala ukopeshaji haujasimama. Kilichowezekana kwa deni la mtu kinawezekana kwa swala yake, ugonjwa wake na njia anayopita kwenda kazini.

Na kuna vitu ambavyo mimi nisingeruhusu viuzwe hata kwa leseni ya dhahabu. Mahali simu ya mtu ilipo, saa kwa saa, ni kimoja. Afya ni kingine. Taarifa za watoto, sina haja ya kueleza.

Kwa wabunge wetu na kwa makamishna, ombi langu ni fupi. Fungueni daftari la madalali wa taarifa, liwe wazi kwa umma. Mwekeni mwananchi dirisha moja la kuomba kufutwa. Na wenzetu wa Nairobi, libadilisheni lile neno dogo liwe kubwa.

Na wewe msikilizaji, usingoje. Kampuni usiyoijua ikikutumia ujumbe, usiishie kuufuta. Waandikie, kwa maandishi, uwaulize namba yako wameitoa kwa nani, na uwatake waiondoe. Haki hiyo unayo tayari, Kenya na Tanzania. Wasipojibu, peleka barua hiyo pamoja na ule ujumbe kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ukiwa Tanzania, au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data ukiwa Kenya, ambako sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kumalizika ndani ya siku 90.